Karatasi ya Pili Haikupotea

Nchelenge, siku ya nne, saa tisa ya muchana

Ngoie, mutoto yangu,

Nilikudanganya. Karatasi ya pili haikupotea.

Siku ile tulikuwa tunapanga nguo yako mu valizi, nikakupa ile karatasi ya machine ubebe mpaka ku Ndola. Ukaisoma. Ukaangalia mpaka chini kabisa, pale pembeni penye hakuna mutu anaangaliaka, ukasema: "Mama, hapa imeandikwa moja ya mbili. Ya pili iko wapi?" Nikakujibu mbio mbio: "Ilipotea tulipohama nyumba." Ukasema "Ah bon," ukaendelea kukunja blauzi. Miye nikatoka inje nikajifanya nageuza chisense ku jua, na ile samaki ilikuwa imekauka tangu asubui.

Sasa umeenda Kashikishi kusuka nywele, na bale bafundi bako banasemaka mingi, kwa hiyo najua niko na wakati. Nilitaka kukuambia kwa mudomo. Lakini uko na macho ya mama yangu, mwenye ulichukua jina yake, na nikiangaliwa na ile macho naanza kupunguza maneno. Basi soma hii ndani ya bus, mukishapita Mansa, penye huwezi tena kushuka na kurudi kunigombeza.

Maneno ya kufunga mulango, ya kula muzuri, ya kuchunga simu yako, sitaandika. Shangazi yako ku Ndola atakuambia yote, yeye anapenda kuamuru batu. Miye niko na kintu moja tu, na ni mubaya.

Unajua jina ya Chileshe kuliko unavyojua majina ya bajomba bako. Nilikulisha ile jina pamoja na bukari. Kila mara ulisikia hadisi ileile: Chileshe, chef ya anesthésie ku hospitali ya huku pembeni ya ziwa, alichukua mwanamuke mwenye alikufwa akamuweka ku shingo yangu, miye nikafukuzwa kazi, yeye akapanda cheo, na leo anafundisha ku ile masomo ya Ndola penye unaenda. Yote ile ni kweli. Hakuna neno hata moja nilizidisha. Lakini ilikuwa ukurasa ya kwanza tu, Ngoie.

Nianzie ng'ambo ya ziwa, ku Pweto ya Congo. Kule nilikuwa infirmière ya anesthésie, mutu ya kulalisha bagonjwa mbele dokta apasue. Ile unajua. Kintu yenye hujui ni namna tulikuwa tunaandika. Kila dakika tano ulipaswa kupima tension, ile presha ya damu ya mugonjwa, na kutia alama ku karatasi. Nani alikuwa na mukono ya tatu? Mukono moja inashika taya ya mugonjwa, ingine inafinya balo ya pumuzi. Basi operation inaisha, tunakaa na chai, tunaombana kalamu, tunajaza karatasi yote kwa kichwa. Douze-huit, ile tension ya mutu muzima, douze-huit, douze-huit, mustari munyoofu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Chef yetu alikuwa ananisifu: "Adèle, karatasi yako iko muzuri kama kitambaa ya meza." Nilikuwa nafurahi. Hatukuiita uongo. Tuliiita usafi.

Nyuma ya ile tukakimbia, tukavuka ziwa. Ku Kenani, kambi ya bakimbizi, mwandishi aliuliza jina ya baba yako, na baba yako alikuwa amebakia ng'ambo na mwanamuke mwingine, nikasema andika yangu. Hapo ukakuwa Ngoie Kalumba. Diplome yangu ilikuwa ya Kifaransa na hapa hakuna mutu aliitaka. Ku hospitali nilianza na kusafisha bloc, chumba ya kupasulia. Siku moja Chileshe aliniona nashika mugonjwa mwenye alikuwa anakaba, namna nilifungua njia ya pumuzi mbele yeye afike. Akasema: "Iwe, nani alikufundisha?" Kutoka siku ile nilikuwa mukono yake ya kuume. Alinipokea muzuri, nisidanganye. Alinipa kazi wakati hakuna mutu mwingine alitaka hata kunisalimia.

Halafu ikakuja machine. Bazungu balileta, ya kompyuta. Unafunga mukanda ku mukono ya mugonjwa, unabana kidole yake na ile kintu kidogo ya mwangaza, na machine inapima tension, inasoma moyo, inasoma pumuzi, inaandika yenyewe kila dakika tano. Hakuna kalamu, hakuna chai. Kwanza niliogopa, nyuma ya wiki mbili nilikuwa naipenda. Lakini kuingia mule kulitaka jina na mot de passe, neno ya siri, na miye bila licence ya Zambia sikuwa na haki ya jina. Chileshe akasema: "Usisumbuke, Adele. Ingia na yangu." Aliandika mot de passe yake ku plasta ya kidonda, akaibandika nyuma ya ekrani. Asubui alikuwa anafungua machine, anavaa viatu yake ya inje, anaenda Kashikishi ku duka yake ya dawa. Miye nabaki.

Miaka mbili, Ngoie. Bamama bote ba kupasuliwa, batoto ba kuvunjika mikono, babazee ba ngiri, nililalisha miye, niliamusha miye, na machine iliandika: Chileshe, Chileshe, Chileshe. Mara ngapi nilimuomba: "Ba Chileshe, munitafutie jina yangu mule." Anacheka: "Machine inataka nini na jina yako? Kazi ni kazi." Na miye nacheka pamoja naye. Mwiba ya kujichoma haina pole. Nilikopesha mutu mikono yangu miaka mbili, nikafikiri ni urafiki.

Alikuwa na sheria moja. Kama mukanda inakosa kusoma, machine inaacha nafasi nyekundu mpaka mutu aandike namba na mukono. Chileshe hakupenda nyekundu. Alisema bale bazungu banaangalia kutoka kwao, banaona nani anaacha nyekundu. "Usiniachie nyekundu, Adele." Hakuhitaji kurudilia. Miye nilikuwa nimekomalia mu douze-huit ya Pweto.

Sasa ile siku. Unajua mwanamuke alitoka ku kisiwa ya Chisenga, bibi ya Ba Mulenga muvuvi, mimba ya kwanza, mutoto amekaa vibaya. Balimuleta na mashua tangu asubui, akafika nguo yake yote imelowa. Chileshe alikuwa ku duka. Nilimuita ku simu, akasema anakuja, anza. Nikamupiga sindano ya mugongo, ile ya kuua maumivu kutoka tumbo mpaka miguu. Dokta ya kupasua akaanza. Mutoto akatoka, na hakulia. Hakukuwa na mutu mwingine ya kumushika, nikamushika miye. Nikageuka ku meza ya mutoto, namupangusa, namupulizia pumuzi, namusugua mugongo. Mugongo yangu ilikuwa ku mama yake.

Hapo njo nilikuwa nafikaka mu hadisi nakuambia: "Dawa ilipanda juu, moyo ikasimama, ilikuwa bahati mubaya." Sasa nakupa dakika zenye nilikuwa naruka.

Ile machine iko na kengele. Tension ikishuka, inalia. Pumuzi ikipungua, inalia. Inalia pia kama mugonjwa anajikuna kidole. Ilikuwa inanichosha kichwa. Kwa hiyo kila asubui, mbele ya mugonjwa ya kwanza, nilikuwa naifunga mudomo. Hakuna mutu alinituma. Hata Chileshe hakunituma ile. Siku ile pia niliifunga.

Na mukanda ilikosa kusoma. Mara mbili. Niliona nyekundu kwa pembeni ya jicho, na mutoto mu mikono yangu. Nikanyoosha kidole, nikaandika mia moja kumi juu ya sabini. Nikarudi ku mutoto. Dakika tano ikapita, nyekundu tena, nikaandika ileile tena. Sikugusa mukono ya yule mama, Ngoie. Sikutafuta mushipa yake hata kwa kidole moja. Nilipiga namba sawa vile mutu anafukuza inzi.

Na alikuwa ananiita. Alisema: "Ba Sister, mikono yangu siisikii." Nikamujibu, bila kugeuka: "Kaa kimya, mama, inaisha." Alisema tena kintu, kwa sauti kidogo sana, sikuisikia. Wakati mutoto alilia, nikageuka kumuonyesha, mama yake alikuwa amekuwa buluu. Tulipigana naye muda murefu, miye na dokta. Alikufwa.

Bon. Pumua, halafu uendelee.

Chileshe alifika saa kumi na mbili ya jioni na funguo ya duka mu mukono. Hakuniuliza kintu. Hakufunua hata shuka. Alikaa mbele ya machine, akaanza kupiga namba, nikafikiri anasoma namna ilivyopita, nikafikiri, mukubwa wangu anataka kuelewa. Kumbe alikuwa ananifungulia jina. Adèle Kalumba, imeandikwa muzuri kabisa, na mot de passe yake yenye sijapata kuijua mpaka leo. Miaka mbili nilikuwa namuomba jina yangu mu ile machine. Siku ile njo alinipa. Akaingia mu karatasi ya yule mama, akatoa Chileshe, akaweka Kalumba. Ile mama moja tu. Bale bote baliamuka, alibakia nao.

Ku kikao ya kuulizia ile kifo balifungua kompyuta mbele ya batu bote. Jina yangu, saa, namba. Baliuliza nani aliruhusu mukimbizi bila licence kugusa mugonjwa. Chileshe akatikisa kichwa na huzuni, mbwa ile, akasema: "Aliingia mwenyewe. Nilikuwa namusaidia, kumbe." Na mama yako alinyamaza. Ulikuwa unaniuliza zamani: "Mama, juu ya nini hukusema?" Nilikujibu ya kama Kingereza yangu ilikuwa kidogo. Uongo. Niliogopa baangalie ile mia moja kumi juu ya sabini mara mbili, na mutu mwenye akili aulize: alipimaje, wakati alikuwa na mutoto mu mikono?

Nyuma ya ile ulijua maisha yetu, ulikuwa ndani. Soko, chisense, batu ba kutema mate nikipita. Siku moja fundi ya zile machine, mwenye anatoka mbali kuja kuitengeneza, alisimama ku meza yangu kununua samaki. Alinikumbuka juu nilikuwa namuulizaka maulizo. Nikamuambia kidogo. Akasema: "Mama, ile machine haifutaka kintu. Ukibadilisha, inaweka ya zamani nyuma, inaandika nani alibadilisha na saa gani." Wiki yenye ilifuata alipita tena, akaacha bahasha chini ya sahani ya mizani, hakungoja hata nimushukuru.

Ukurasa ya kwanza: saa kumi na mbili na dakika kumi, jina ya Kalumba imefunguliwa na Chileshe. Dakika tatu nyuma ya ile, mwenye kazi amebadilishwa kutoka Chileshe kuwa Kalumba, mwenye kubadilisha ni Chileshe. Mwanamuke alikuwa amekufwa tangu saa nane. Nilipiga vigelegele pale sokoni, batu balifikiri nimepata barua ya kupelekwa Amerika. Halafu nikafunua karatasi ya pili, yenye ilikuwa imeshikana na ya kwanza. Ukurasa ya pili: kengele imefungwa na mukono, asubui. Namba imeandikwa na mukono, mara mbili. Nikakaa chini.

Sasa unaelewa juu ya nini miaka hii yote karatasi ilikaa mu mufuko ya mbegu na sikuipeleka popote. Ilikuwa panga ya makali mbili. Nikimukata, najikata. Na nilikuwa natafuta licence, na wewe ulikuwa ku masomo, na niliogopa.

Lakini kuogopa hakukuzima moto. Batu ba kanisa banasema samehe, Mama Adèle, kisasi ni ya Mungu. Nabajibu ndiyo, Amina, na mu roho yangu nasema: Mungu iko na kazi mingi, namusaidia. Upepo ilipoezua paa ya duka ya Chileshe ku Kashikishi, nilinunua Fanta, nikaikunywa nikisimama pale barabarani nikiangalia mabati. Ilikuwa Fanta tamu kuliko zote nimekunywa mu Zambia. Sikutubu, na hata mu hii barua sitatubu.

Kintu yenye natubu ni wewe. Ulitaka kushona. Kutoka mudogo ulikuwa unashona, bale bamama ba settlement ya bakimbizi balikuwa banakuletea bitenge, na mikono yako ilikuwa mizuri. Nilirudisha ile cherehani kwa mwenyewe, nikakununulia vitabu ya chimie. Nilikuambia ushonaji hauna mbele. Ile haikuwa sababu. Nilikuwa nasikia Chileshe anafundisha ku Ndola, na nilikuwa nanoa mutoto yangu kama kisu. Usiku na muchana nilikuona wewe umevaa blouse nyeupe, unasimama mbele ya bakubwa bake, unatoa karatasi. Wakati barua ya kukubaliwa ilifika, wewe ulilia kwa furaha, na miye kwanza nilitafuta jina yake ku liste ya balimu. Iliko. Njo nilikukumbatia.

Labda sasa unapenda ile kazi, uliniambia unaipenda. Kama ni kweli, bakia. Kama ulisema tu kunifurahisha, cherehani iko pia ku Ndola, na sitakuuliza.

Basi nilichukua makasi. Nilitenganisha kurasa mbili, nikatia ya kwanza mu valizi yako, ya pili nikairudisha mu mufuko ya mbegu. Mupango yangu ilikuwa muzuri: Chileshe aanguke, licence yangu yenye nimepata mwaka huu baada ya kuzunguka ofisi zote ibakie, na kaburi ya ile mama ibakie kaburi yake yeye. Nilikuwa nacheka peke yangu nikisonga bukari. Halafu wewe ukauliza: ya pili iko wapi?

Ngoie, hapo nikajiona. Kutoa jina moja, kubakiza ingine. Kuonyesha ile inakusaidia, kuficha ile inakuua. Nilikuwa nimekaa ku kiti ya Chileshe, saa kumi na mbili ya jioni, na funguo mu mukono. Nilikuwa namuchukia miaka yote ile, na nilijifunza kwake mpaka mwisho. Ile iliniuma kuliko kufukuzwa. Sitaki kufanana na ile mutu hata mu kumuangusha.

Kwa hiyo juzi, siku nilikuambia naenda kuangalia mugonjwa Chienge, sikuenda Chienge. Nilipanda mashua ya bachuuzi ba samaki, nikaenda Chisenga.

Nilimukuta Ba Mulenga ku pwani, anashona wavu. Hatukuwa tumeonana kutoka siku ya matanga, penye bandugu yake balinifukuza na mawe. Swahili yake ni ya soko, Bemba yangu ni ya soko, tukakutana katikati. Nilisema: "Ba Tata, nimeleta namna bibi yenu alikufwa. Yote." Hakuniambia nikae. Nikafungua karatasi mbili na nikamusomea nikisimama, mustari kwa mustari. Nilipomaliza sehemu ya Chileshe alitema mate. Nilipomaliza sehemu yangu hakutema. Aliuliza ulizo moja: "Alikuwa anaita?"

Nikasema: "Eya mukwai, alikuwa anaita."

"Na wewe ulimujibu nini?"

Nikamuambia nilimujibu nini. Aliweka wavu chini. Nilingoja anipige, na kwa kweli nilitaka anipige, ingekuwa nyepesi. Halafu akasema: "Ba Mayo, ile mutoto mulimushika iko ku masomo sasa. Anajua kusoma jina yake." Nikaanza kulia. Akasema: "Hapana, musilie hapa. Hii si pole. Miye nataka bote babili. Wewe, na yule."

Nikamuambia: "Njo maana nilikuja."

Ngoie, usidanganyike, mama yako hajakuwa mutakatifu. Nilipokuwa ndani ya mashua kurudi, nilikuwa nasikia utamu mu damu yangu. Nataka Chileshe asimame pale penye nilisimama. Nataka bafungue kompyuta mbele yake, bamuulize dakika kwa dakika, naye atafute Kingereza akose. Nataka bamutolee bale bamama bote baliamuka, moja moja, barudi kwangu. Muchimba kisima huingia mwenyewe, banasema. Sawa, ni kweli, na miye nitakuwa mule ndani tayari, namungojea chini.

Karatasi haiko tena mu valizi yako, usiitafute. Sikutumi tena kintu. Kesho ukishapanda bus, nitatembea mpaka boma, Ba Mulenga atakuwa ananingoja pa mulango ya ofisi ya afya. Kurasa zote mbili, na barua yenye nimeandika na mukono yangu, ya kengele na ya namba mbili. Aliomba yeye njo abebe. Licence yangu najua itaenda. Labda zaidi ya licence. Chisense ingali iko mu ziwa, nitakula.

Ile karatasi itachukua wiki kupanda mpaka Ndola. Labda miezi, unajua ofisi. Wakati ile yote utakuwa mu darasa yake. Siku ya kwanza atasoma majina, atafika ku Kalumba, atainua macho. Muangalie. Usipunguze macho, usiongeze neno. Na umusikilize akifundisha, Ngoie, juu anajua kazi, ile mbwa, anajua kweli. Machine, dawa, namna ya kushika taya, vyote alijua mbele yangu. Mukaushe. Chukua kila kintu iko mu kichwa yake mbele baje kumuchukua. Akikuambia nyekundu ni haya, acha nyekundu ikae nyekundu. Akikupa mot de passe yake, sema aksanti, na ungojee yako, hata kama ni mwaka muzima unasafisha chini. Na mugonjwa akikuita, geuka. Hata kama uko na mutoto mu mikono, geuka na kichwa tu, umuangalie uso. Machine itakuandikia namba. Haitakuandikia uso.

Nasikia sauti yako ku njia, unacheka na mutoto ya jirani juu ya nywele. Umerudi mbele ya nilivyofikiri. Nafunga.

Siku batakuja kumuita mukiwa mu darasa, usisimame, usipige makofi, usicheke. Kaa kimya, andika somo yako.

Kucheka, uniachie miye.

Mama yako,
Adèle